Siku Mama Alipoijibu Opera

Butembo, Commune ya Vulamba
Tarehe 19 Agosti 2025

Mupendwa mudogo wangu Jemima,

Nakusalimia kwa moyo wangu wote, wewe na bwana yako na mutoto wenu. Mugongo wako umepoa? Mara ya mwisho uliniambia kwamba kuinua bale bazee unaotunza kazini kutoka kitandani kumekuchosha, na mimi tangu siku ile nakuombea kila asubuhi kabla ya kufungua mulango. Na baridi ya kule Ubelgiji, Liège? Funika kifua, usijifanye kijana.

Sisi hapa tuko bazima, tunashukuru Mungu. Mutoto wangu mukubwa Élysée amepoteza meno mawili ya mbele, sasa akisema neno linatoka na mluzi. Abigaïl ameanza kutembea, donc hakuna kitu kinachobaki mahali nilipokiweka. Mimi malaria ilinilaza kidogo mwezi wa saba, ikaisha. Mvua imerudi, viazi vya Lubero vimejaa soko, na barabara ya Beni imekuwa na utulivu majuma haya. Iendelee hivyo.

Sasa niende kwenye ujumbe wako. Ulisema chef wako wa kazi alikupa tiketi ya opera, ukaenda peke yako, ukakaa juu kabisa karibu na dari, na ukalia hata kama hukuelewa maneno. Lakini ulipotazama chini hukuona hata mutu mumoja mwenye kufanana na bale unaopanda nao bus alfajiri. Ukaniuliza kama opera ni kitu cha batu kama sisi, ao uliingia tu katika nyumba ya bengine. Nilitaka kukujibu kwa simu, kisha nikasema hapana, hii inaomba karatasi. Sababu siku ya Mungu iliyopita tulikuwa na opera hapa Butembo, na Mama alikuwa ndani.

Ndiyo, Mama yetu Kyakimwa mwenyewe. Soma polepole.

Yote ilianzia kwa maître Apollinaire, yule anayeongoza korali ya parokia yetu. Alisoma muziki Kinshasa, na tangu alirudi alikuwa na ndoto ya mchezo unaoimbwa tangu mwanzo mpaka mwisho, bila mutu kusema neno kavu hata moja. Aliuandika yeye mwenyewe, Kiswahili na Kinande kidogo. Ni habari ya muvuvi wa ziwani anayemukatalia binti yake kuolewa na kijana wa milimani. Anakataa, anakataa tena, mpaka kijana anashuka kukaa ziwani na kujifunza kushona nyavu. Ni hiyo tu. Mais ukisikia namna ilivyoimbwa, unaona kama hakuna habari ingine duniani.

Korali ya parokia haikuwa na sauti nzito ya kutosha kwa baba ya binti. Apollinaire akazunguka mji, akaingia mpaka kwa Baprotestanti, na kule akamusikia mutu akiimba kwenye mustari wa nyuma wa korali huku ameshika kasque, kofia yake ya pikipiki. Mutu yule ni Delphin, bwana yangu, na Apollinaire akaomba korali yao yote ije naye.

Wewe ulishaondoka wakati nilipoolewa, lakini habari unaijua. Mama hakutaka. Familia yetu ni ya Kikatolika tangu babu, na Delphin ni mutoto wa Baprotestanti, tena motard anayebeba batu kwa moto, ni kusema pikipiki. Siku ya ndoa Mama alibaki Beni, akauza samaki kama siku ingine yoyote. Tangu pale hakuvuka mulango wetu. Anatuma tilapia ya Kyavinyonge, kule ziwani, na dereva wa lori, imefungwa muzuri, na dereva anarudia kila mara maneno yaleyale: hii ni ya batoto. Salamu ya Delphin haikuwamo hata mara moja. Delphin anakula ile samaki, anashukuru, hasemi kitu. Mimi ndiye nilikuwa nasema, peke yangu, mbele ya cherehani.

Basi répétition, mazoezi ya kuimba, zikaanza. Bamotard benzake balimucheka vibaya. Akifika kwenye kituo chao asubuhi, balimuuliza kama leo atalia kama mbuzi ao kama ng'ombe. Yeye alipiga moto, akaenda kazi. Jioni alikuwa anaimba akinawa miguu, na jirani wetu akazima radio yake asikilize. Mimi Apollinaire alinipa kazi ya mavazi. Nilishona kanzu za bavuvi, bikwembe vya kitenge vya bibi harusi, na ndevu za Delphin kwa kamba za katani, ndefu mpaka kifuani. Alipozivaa mara ya kwanza Abigaïl alipiga kelele.

Kukabaki swali moja, na ndilo lako. Nani atakuja? Mutu mumoja mukubwa wa mji, jina simupi, alimushauri Apollinaire aalike baprofesa, badaktari na bafanyabiashara bakubwa, basi. Alisema bamama ba soko hawawezi kukaa saa mbili kusikiliza muziki wa namna ile, batachoka, batafanya kelele. Apollinaire alimusikiliza kwa adabu. Alituma mialiko yote kama alivyoshauriwa. Kisha akapita sokoni, kwenye vituo vya moto na kwa bachinjaji, akatangaza kwamba kila mutu anaingia, mais salle, ukumbi wa mchezo, haina viti vya kutosha, kila mutu aje na chake.

Jemima, ungeona barabara siku ile. Baada ya misa na ibada batu balianza kupanda kilima na viti juu ya kichwa. Ma-tabouret, mabenchi, ndoo za kupindua. Bamotard balebale bachekaji balikuja babili babili juu ya moto, na yule wa nyuma amekumbatia kiti cha plastiki. Mzee mumoja alibebewa fotelia yake nzima ya sebuleni. Mbele kulikuwa mustari wa viti vya bakubwa, vimefunikwa vitambaa vyeupe, na benyewe hawajafika. Bamama ba samaki balifika kabla yao, bakapanga ndoo zao mbele ya vitambaa vyeupe, bakakaa. Bakubwa balipokuja, balikaa nyuma ya bale bamama. 

Kati ya bale bamama nikamuona Mama.

 Sikumualika. Unamujua Mama Sophie, rafiki yake, benye kuuzisha pamoja samaki kule Beu, Beni? Binti yake Joyeuse, wa korali yetu, ndiye aliimba bibi harusi. Mama Sophie alikodi gari kwa bamama ba Beu bote baje kumuona, na Mama hawezi kumuacha Mama Sophie kwenda furaha peke yake. Kwamba Delphin alikuwa ndani, hakuna aliyemuambia. Mama Sophie mwenyewe hakujua. Nilikuwa nyuma ya pazia na sindano mukononi, na Delphin pembeni yangu anafunga ndevu. Nilifikiri nimuambie. Kisha nikasema, akijua, sauti itakufa. Nikamufunga ndevu vizuri.

Muziki ukaanza. Violon tatu, gitaa, ngoma moja ndogo, na kinanda cha parokia. Mwanzoni batu balikuwa na wasiwasi, balitazamana, kama mutu anayeingia nyumba ya kigeni na hajui aweke viatu wapi. Bengine balitoka, sikudanganyi. Muchinjaji mumoja alilala na kukoroma mpaka bakamuamusha. Lakini Joyeuse alipoimba anavyomupenda yule kijana wa milimani, salle ikanyamaza yote. Hata batoto.

Kisha Delphin akaingia na kukataa. Jemima, miaka saba nalala karibu na mutu huyu na sikujua anabeba kitu kile kifuani. Sauti ilitoka chini kabisa, ikajaza salle mpaka nikaisikia kwenye mbao za sakafu. Aliimba kwamba binti ya ziwa hapana olewa na mutu wa mlima, kwamba damu ni damu na desturi ni desturi. Joyeuse akapiga magoti. Baba akakataa. Kijana akaleta samaki wake wa kwanza. Akakataa tena. Batu balianza kuguna. Mama mumoja alifuta macho na kikwembe.

Pale Mama yetu akasimama.

Alisimama juu ya miguu yake yote miwili, mbele ya bakubwa bote, kidole kimenyooka kwa Delphin, na akasema kwa sauti ile ya sokoni unayoijua:

"Wewe baba, moyo wako ni jiwe? Mutoto analia mbele yako. Muachilie aolewe."

Salle yote ikapiga makofi. Mutu mukubwa wa nyuma akafanya ishara ya kunyamaza, kwamba kwenye opera hapana kusema. Bamama hawakumutazama hata kidogo. Violon ziliacha. Apollinaire alibaki na mikono juu, na mimi nyuma ya pazia nikauma kitambaa cha bibi harusi.

Delphin aligeuka. Wewe unajua adabu ya mukwe kwetu, hamutazami mama mukwe machoni. Aliinamisha kichwa, na ndevu za katani zikateleza upande mumoja. Nikaona Mama anamutambua. Mukono wake ulishuka polepole. Hakukaa.  Mama Sophie alimushika kikwembe nyuma, nafikiri alikuwa ameelewa naye.

Kisha Delphin akaimba. Hakuacha muziki ukatike. Alichukua ile sauti ya kukataa, akaigeuza taratibu, na macho yake chini, akauliza:

"Mama, mimi nimusikilize nani?"

  Mama alitazama upande mumoja, akatazama mwingine, kama mutu anayetafuta mulango. Kisha akatoa pumzi, na akajibu, siyo kwa sauti ya soko tena:

"Unisikilize mimi, mwana wangu. Mpe baraka. Hata mimi nilichelewa."

Apollinaire alishusha mikono yake, na korali mbili pamoja, Bakatolika na Baprotestanti, zikaingia na wimbo wa harusi kabla ya wakati wake. Kurasa tatu zilirukwa. Hakuna aliyezidai. Batu balisimama, ma-tabouret yakaanguka, bamotard bakatoka inje kupiga mahoni, na bakubwa bale, niliwaona kwa macho yangu, balikuwa bananyanyua mikono kama bengine. Mimi nililia mpaka sindano ikapotea. Mpaka leo sijaipata.

Baada ya mchezo Mama alikuja nyuma ya pazia.  Alimukaribia Delphin, akanyoosha mukono, akarudisha zile ndevu mahali pake. Akamuuliza kama amekula. Delphin akasema bado. Mama akasema basi twende nyumbani.

Alisema nyumbani, mudogo wangu. Na nyumba aliyosema ilikuwa ya kwetu.

Alivuka mulango wangu bila kusimama, akaingia mpaka jikoni, akatazama sufuria zangu na kusema ninapika sombe, yale majani ya muhogo, kama mutu mwenye haraka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulikula bugali na samaki wake mwenyewe, Delphin na yeye kwenye sahani moja.  Mama alimuuliza Delphin kuhusu mama yake, kama mugongo unamusumbua, na kama kwa Baprotestanti banaimba hivyo kila juma. Delphin akasema ndiyo. Mama akafikiri kidogo, akasema basi hawakosi kitu sana.

Donc jibu lako ni hili. Hapa kwetu batu bakawaida balikuja, bakajaza salle, bengine bakatoka, mumoja akakoroma, na waliobaki balikuwa na la kusema. Sijui kwenu kule. Pengine bale ba bus hawakuambiwa baje na viti vyao. Usiache kwenda. Ukipata tiketi ingine, mupeleke mutu mumoja wa bus. Na Mama anataka ujue jambo hili: kama kule hairuhusiwi kujibu, yeye anabahurumia.

Neno limetembea. Sasa kituoni bamotard banamuita Delphin Baba ya Bibi Harusi, na mumoja wao ameomba nafasi katika korali. Sauti yake ni mbaya, Apollinaire amemuchukua. Bachuuzi ba Kyavinyonge nao balipiga simu, banataka mchezo uende kule kwao, sababu ni habari ya bavuvi na bavuvi hawajaiona. Mama ameshaongea na dereva wa lori la samaki.

Leo asubuhi alirudi Beni. Gari lilikuwa linamungoja chini, mais akasema gari linamupiga kizunguzungu, na mukwe wake ana moto. Alipanda upande, kikapu mapajani, mukono mumoja umeshika koti ya Delphin. Nilisimama na Abigaïl mulangoni, tukabasikia mpaka kwenye kona ya mwisho. Mama alikuwa anaimba sehemu ya baba, vibaya kabisa, na Delphin alikuwa anamufundisha.

Nisalimie sana bwana yako, na umubusu mutoto. Kambere kaka yetu anakusalimia kutoka Beni, na tante Florentine anauliza kama ile dawa ya goti uliyosema inapatikana. Élysée anakutumia mluzi. Mungu mwenye kukutunza mbali nasi akulinde unapotoka na unaporudi, akupe nguvu kazini na usingizi muzuri. Wasingya kutsibu, asante sana, kwa swali lako, maana bila hilo ningenyamaza na furaha hii peke yangu.

Ni mimi yaya yako, dada yako mukubwa, nikikukumbatia kutoka huku milimani,
Kavugho