Nyumba ya Ganda Haina Jiko

"Umesahau jiko!"
"Sikusahau, Mama, mimi..."
"Chuo chenyewe cha ujenzi umekiachia njiani, ndiyo maana..."
"Mama, nisikilize basi!"

Hukunisikiliza, ukaingia chumbani ukafunga mlango. Sasa nakuandikia, maana fundi Mwenda aningoja kiwanjani kule Ganda, leo twaanza kuchimba msingi.

Shikamoo Mama. Chai iko kwenye chupa. Dawa ya presha usisahau. Sukari leo ni sukari, wallahi sikutia chumvi kama siku ile.

Ule mchoro wa nyumba ya Ganda si mzaha. Ulisema wataka nyumba ya kupumzikia Jumamosi na Jumapili, isiyokuwa na kazi. Ndiyo nikachora sakafu ya saruji, mabati badala ya makuti, wala hakuna bustani ya kumwagilia. Jiko nimeliacha makusudi. Wewe ukiona jiko tu, utamwita Shangazi Shekha na wanawe wote, upike mpaka usiku. Sikukuu ya Idd ulianguka mbele ya sufuria, mikononi mwangu. Mpaka leo nikisikia kifuniko kimeanguka jikoni, nakuja mbio.

~~Jiko haliwekwi, basi.~~

Haya, nitamwambia fundi aliweke, nisije nikakupandisha hiyo presha kwa hasira. Lakini wewe humo huingii, nitapika mimi, utakaa barazani uletewe. Usicheke. Najua hata chai huwa naiunguza.

Nikirudi jioni, Mama, nakuomba unifundishe kupika pilau.

Kitinda mimba wako,
Harith