Neno la Daktari Nililolitafsiri Uongo

Jedida, nimefanya nini mimi. Nimefanya nini!

Leo mama Nyale, jirani yangu hapa Kakuyuni, kaniita nikawasomee barua ya hospitali ya mumewe, mzee Lewa. Si unajua hapa barua yoyote ya Kiingereza huletwa kwangu, mwalimu. Jamaa wote wamekaa, mzee mwenyewe yuko mkekani ananitazama.

Nikafika pale daktari alipoandika kwamba mzee aanze kupewa "palliative care". Hilo neno la pili nalijua. La kwanza sijapata kuliona maishani. Wote wananingoja.

Nikaona haya kusema sijui. Haya tu, Jedida! Nikawaambia, "Ataanzishiwa matibabu maalumu ya kumponya."

Ya kumponya! Kwa mdomo wangu huu!

Vigelegele vikapigwa. Mama Nyale akampigia mwanawe Kalume, aliyeko Mtwapa: "Usiombe tena ruhusa kazini, babako anapona. Utakuja Disemba."

Nimerudi nyumbani, nikafungua kamusi. Kumbe ni matibabu ya kumpunguzia mgonjwa maumivu tu, maana ugonjwa wenyewe hauponi. Nimesoma mara tatu. Hauponi.

Na hadi Disemba ni miezi saba.

Nataka kurudi niwaambie, nafika mlangoni narudi ndani. Kabla sijatoka kwao mama Nyale alinishika mkono: "Mwalimu, nifundishe kulitamka neno hilo, Jumapili nikatoe ushuhuda kanisani."

Nikamfundisha.

Sasa hivi anatwanga upande wa pili wa ua, na kila akiinua mchi analitamka. Analitamka vizuri kabisa.