Uso wa Bibi Felisia

Xiaobei, Yuexiu,
Guangzhou, China.
2 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Getrude,

Shikamoo, Shangazi. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilikufikia, au iliishia kwa Anatory? Maana kaka yangu huyo siku hizi kila kiungo kinamuuma. Mimi mwili mzima, masomo yanakwenda, na joto la huku limeanza kupungua.

Ila roho yangu si nzima. Nimeandika kwa mkono makusudi, na barua nampa Godson, yule wakala wa mizigo wa jengo la maduka la Tianxiu, anayerudi nyumbani wiki hii. Kwenye simu ungelia, nami ningekusamehe kabla sijamaliza kusema.

Jumamosi iliyopita Nassor, mwenzangu wa chuo kutoka Pemba, alinipeleka makumbusho kuona picha za Rembrandt. Huyo ni mchoraji wa Uholanzi, amekufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Picha zimeletwa kutoka Ulaya, na foleni utadhani wanagawa sukari. Nilifurahi kweli, nasogea polepole, tunacheka na Nassor jinsi Waholanzi wale walivyopenda kofia.

Kuingia chumba cha tatu, nikakutana na Bibi Felisia.

Shangazi, ni yeye! Kitambaa kile kichwani, kitabu kikubwa mapajani, mkono wenye makunyanzi juu ya ukurasa. Picha ileile ya sebuleni kwetu Kamachumu, juu ya redio, iliyoiva kwa moshi wa taa hata rangi ya uso haijulikani, ambayo marehemu Baba alituambia ni bibi yake, mwanamke wa kwanza kusoma kijijini, kachorwa na padri mzungu. Nikafanya kama nilivyolelewa. Nilipiga magoti mbele ya watu wote, nikamwamkia kwa sauti. Mlinzi akaja mbio akidhani nimeanguka. Nassor akaniuliza nina nini, nikamwambia kwa majivuno yangu yote, huyu ni bibi yangu.

Akasoma kibandiko cha ukutani, kisha akanishika mkono aninyanyue. Mwanamke mzee anayesoma, Uholanzi, karne ya kumi na saba. Nassor wa watu hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilimpigia Anatory siku hiyohiyo, nikamwomba aitoe picha yetu kwenye fremu. Nyuma yake kuna tarehe za mwezi Machi. Kalenda, Shangazi! Tumekua tukiipigia magoti kalenda.

Baba simlaumu sana. Alizaliwa Bibi ameshazikwa, huenda naye aliambiwa tu akaamini. Lakini wewe ulilala naye kitanda kimoja mpaka ukiwa na miaka kumi na sita, mwenyewe ulinisimulia. Kila Krismasi ulikuja kwetu, ukakaa chini ya picha ile, ukanywa chai yako ya tangawizi, ukatutazama tunavyomwamkia mama wa Kiholanzi. Ulinyamaza!

Na ungenyamaza tu ningekuelewa. Nilipofeli kidato cha nne, nani alinisimamisha mbele ya picha ile akasema damu hiyo haifeli? Si wewe? Nikafuta machozi, nikarudia mtihani. Nimefika mpaka China kwa damu ile, na leo sijui hata kama Bibi alijua kusoma. Imeniuma, Shangazi. Imeniuma kuliko nilivyolia alipokufa Baba, na hilo nalo linanitia aibu.

Leo ni siku ya kuwaombea marehemu. Nimekwenda kanisani, nikafumba macho nimwombee Bibi kama kila mwaka. Akaja yule Mholanzi. Nikamfukuza, nikangoja, hakuja mtu mwingine. Miaka yote mmenifanya nimpende mwingine nikidhani nampenda yeye, na yeye mwenyewe hana kitukuu hata mmoja anayemjua.

Nisalimie sana Mama, na mke wa Anatory, na watoto. Waambie picha wairudishe ukutani, sina ugomvi na mama wa watu. Ila wasimpigie magoti tena.

Wewe usiniandikie samahani, wala usiniambie ilikuwa kwa faida yangu. Una miaka themanini na moja, na uso ule umebaki kwako peke yako. Niandikie pua yake ilikuwaje. Alikuwa mrefu au mfupi, mweusi wa kiasi gani, alichekaje, meno yalikuwepo? Kama hakujua hata herufi moja, niandikie na hilo, nitampenda vilevile. Nikishapata barua yako nitasimama mbele ya kioo nitazame kama nimerithi chochote chake.

Mungu akuzidishie siku, na kabla ya siku akutunzie kumbukumbu.

Binti wa mdogo wako, anayekupenda hata leo anapokukasirikia,

Clementina