Njia ya Mgongo wa Mlima

Jumanne, 4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za huko, na goti lako je? Mimi niko hivyo hivyo: Jumanne na Ijumaa naunganishwa na mashine ya kusafisha damu, masaa manne kila mara.

Nina shida, lakini usinicheke. Tumeanzisha mchezo wodini, sisi watatu wa vitanda vya dirishani. Konda, aliyekuwa kondakta wa basi kabla figo hazijamshusha, anasimulia nchi ya kubuni. Mimi, wanayeniita Mwalimu, na mzee Seremala tuna watu wetu humo: vifungo viwili vya koti juu ya ramani. Tunasema tunataka kufanya nini, dadu inaamua kama tumeweza. Tunapeleka mbegu kwenye mji wenye njaa, na mbele yetu kuna Bonde la Fisi. Seremala anataka tukate katikati. Anasema kwa vikao vitatu vya mashine tutakuwa tumefika. Mimi naogopa, punda tumeshampoteza. Wewe umepima barabara miaka thelathini. Ramani nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Tupite wapi?

Mpwa wako

Jumatatu, 10 Februari

Mpwa,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mwenyewe. Nimecheka kweli, kisha nikatafuta miwani na rula.

Bondeni msikanyage. Mto ukipinda vile, pana matope, na kwenye matope mtu hakimbii. Pandeni mgongo wa mlima, upande wa kaskazini. Fisi mtawaona kabla wao hawajawaona ninyi. Maji yapo nilipotia msalaba kwenye ramani ninayokurudishia. Itakula vikao kama kumi, lakini mtafika nyote. Mwambie huyo Seremala: polepole ndio mwendo.

Mjomba wako

Ijumaa, 14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Njia yako ilikuwa njia kweli: vikao vinane, hata mkwaruzo hatukupata. Fisi tuliwatazama kule chini kama mbuzi wa jirani.

Siku ya kwanza Seremala alinung'unika. "Mwalimu, mzunguko wote huu wa nini? Nani kakwambia tuna muda?"

Nikamjibu, "Mzee, haraka haraka haina baraka."

Akacheka, akasogeza kifungo chake nyuma ya changu.

Leo nimekuta kitanda chake kimetandikwa shuka mpya. Muuguzi alisema tu, "Jana asubuhi." Vilibaki vikao viwili. Tungekata katikati, angeuona mji mwezi uliopita. Mjomba, mimi ndiye niliyemzungusha.

Mpwa wako

Jumatatu, 24 Machi

Mpwa wangu,

Pole, mwanangu. Pole sana. Siku tatu nimeshika kalamu na kuirudisha.

Nilitaka kukwambia bonde lingewamaliza wote. Sijui, ile ni dadu. Nilitaka kukwambia si kosa lako. Si kosa lako, lakini najua maneno hayo hayaingii. Njia niliipima mimi. Niliangalia maji, nikaangalia kimo, nikaangalia matope. Sikuuliza mna muda gani.

Ningekuja nikae kando ya kitanda chako. Goti hili halinifikishi hata kwenye geti.

Mjomba wako

Jumanne, 1 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi nipo.

Hatujacheza tena. Konda huitandaza ramani, tunaitazama, kisha anaikunja.

Leo mke wa Seremala alikuja kuchukua blanketi na redio yake. Akasimama kati ya vitanda vyetu. "Nyumbani hakuwa na hadithi nyingine ila huo mji wenu. Hivi, mlifika?"

Konda akajibu, "Alifika, mama. Yeye ndiye aliyeingia wa kwanza."

Uso wa yule mama ukalegea. Akavuta kiti, akaketi.

"Afadhali," akasema. "Na mji wenyewe ukoje?"

Konda, anayesimulia masaa manne bila kupumua, akaigeukia ramani iliyokunjwa. Akanitazama. Mimi nikatazama sindano mkononi mwangu. Mama wa watu alisubiri, blanketi kifuani, na mashine zikaendelea kuzunguka.

Mpwa wako