Kwelea Kwelea wa Shamba la Bondeni

Bigwa, Morogoro
Alhamisi, Juni 11

Dada yangu Mwaisha,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na miteremko ya huko juu haikutesi kama mwaka jana. Sisi ni wazima, ila mimi nina hasira. Ningepiga simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika.

Abdulswamad amekwisha kukueleza kwamba Jumanne, akiwa anatua na ndege yake kwenye kile kiwanja kidogo kinachopakana na mpunga wetu, aligonga kundi la kwelea kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka. Kioo cha mbele kilipasuka, mwanao akashonwa nyuzi saba juu ya jicho. Jicho lenyewe zima. Abiria wake wawili hawakuumia.

Mji mzima unamlaani Yeremia, msimamizi wa kiwanja, na moto huo niliuwasha mimi. Nimemwandika gazetini mara tano. Nilimwita mchunga nyasi. Niliuliza mtu mwenye mshahara na ofisi anashindwaje na kiumbe kinachoenea kiganjani. Akafyeka nyasi, akafukia madimbwi, akahamisha jalala, na bado nikaandika.

Mwezi Aprili alikuja shambani, kofia mkononi. Alisema tukigonga mabati kuamia mpunga usiliwe, kwelea kwelea huinuka wote kwa pamoja na kukatiza njia ya kutua. Akaomba kwamba akipandisha bendera nyekundu, tunyamaze nusu saa tu, mpaka rubani atue. Nilimcheka mbele ya majirani. Nilimwambia, bwana mkubwa, nenda kawafundishe kwelea kwelea kuheshimu bendera, maana wao ndio wanaokula bila ratiba. Jirani yetu Shadia alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tangu siku hiyo bendera ikipanda, Shadia hunyamaza. Wote hunyamaza.

Jana Abdulswamad alikuja kwangu na bandeji usoni. Alisema, mjomba, kaa chini uandike ya sita, tena iwe ya moto, ili kikao cha Jumatatu cha kujadili ajali kimfukuze mzembe yule. Nilijifanya natafuta miwani.

Dada, Jumanne bendera ilipanda. Niliiona. Niliiona hata ndege yenyewe ikitokea upande wa Kihonda. Nikasema moyoni kwamba Yeremia hatanipangia saa za kuamia kwenye shamba la mama yetu, nikagonga bati kwa nguvu kuliko siku zote. Wakainuka kama moshi. Sikujua rubani ni nani, na hiyo si kinga, kwa sababu kila rubani ana mama. Huyu mama yake ni wewe, na kwa desturi yetu Waluguru mtoto wako yuko mikononi mwangu kabla ya wanangu wa kuzaa.

Makala ya sita nimeiandika. Nakala yake imo humu, ina mistari minne, na kichwa chake ni jina langu. Jumatatu nitaisoma kikaoni kabla Yeremia hajaulizwa neno. Shamba ni la upande wenu, wewe na wanao. Mkiamua nisilikanyage tena, sitabisha, na utakuwa umejaliwa kuniona nisiyebisha.

Abdulswamad hajajua. Tafadhali usimpigie. Kesho tukitoka msikitini nitamwambia mwenyewe, nikimtazama zile nyuzi.

Nisalimie Zuhura na wote wa nyumbani. Halidi anapanda huko leo, ndiye mchukuzi wa barua hii.

Mdogo wako,
Mwinshehe