Kitinda Mimba Huingia Kwanza

Shirati, 4 Mei 1995

Mwanangu Ojwang,

Hujambo huko Mwanza? Sisi wazima, isipokuwa goti langu. Mdogo wako Otuoma kapata mchumba, Modesta, binti wa kutoka Magu, na tayari ana mimba. Wazazi wake wanataka kuona nyumba kwanza. Sasa wewe mzaliwa wa kwanza hujasimika hata nguzo moja hapa bomani, naye hawezi kukutangulia, mila unaijua. Njoo ujenge, au basi andika kwamba umempa ruhusa. Baba yako mdogo amesema neno lako litatosha.

Mama yako


Mwanza, 30 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kimevurugika. Kiwanda cha minofu ya sangara kimenipa kazi ya kuandika programu ya kompyuta ya kupimia samaki. Nimeiandika kwa lugha iitwayo C. Ila kusoma mizani kunataka kasi, kwa hiyo kipande hicho nimekiandika kwa asembli, lugha ya chini kabisa, iliyo karibu na mashine yenyewe. C inakiita kipande na kukikabidhi vitu viwili: kwanza namba ya mizani, halafu uzito wa kreti tupu. Kila upande peke yake, safi. Nikiviunganisha, loo! Kipande kinatafuta mizani isiyokuwepo, na sangara mmoja anazidi lori. Sielewi mama, naapa. Nikishindwa, kazi anapewa mtu wa Dar. Nikimaliza nitakuja.

Mwanao Ojwang


Shirati, 17 Juni

Ojwang,

Marahaba. U mzima? Barua nimeisoma na kuirudia, sijaambulia kitu. Huyo C ni nani, na kwa nini asipime samaki mwenyewe? Otuoma kila jioni ananiuliza, "Kaka kasemaje?" Nimwambie nini, mizani? Mimi nimeuliza nyumba. Tumbo la Modesta halisubiri kiwanda. Andika ndiyo au hapana.

Mama yako


Mwanza, 21 Julai

Mama, shikamoo! Pole na goti.

Nimeipata! Kumbe C hukabidhi vitu kuanzia cha mwisho. Kitinda mimba anaingia kwanza, mzaliwa wa kwanza anafuata nyuma na kukaa karibu na mlango. Mimi kipande changu nilikiandika kimngojee mkubwa atangulie, kama kwetu, kikachukua uzito wa kreti kikadhani ndiyo namba ya mizani. Wala haikunijia akilini kwamba kuna mahali mdogo hutangulia na hakuna kinachoharibika. Bosi kafurahi, kazi ni yangu. Mwezi ujao nakuja na bati. Mwambie Otuoma achague pa kujenga.

Mwanao Ojwang


Shirati, 9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti limezidi. Kazi umeipata, nimefurahi, kweli nimefurahi. Ila nimekaa na barua yako, sijui nicheke au nilie. Otuoma hayupo. Aliondoka kabla haijafika. Amejenga Magu, uani kwa baba mkwe wake. Mwanaume wa Kijaluo, ukweni! Alisema hawezi kukutangulia hapa, na wewe humjibu.

Hiyo mashine ilikusumbua mpaka ukaijibu. Mimi nilikuomba neno moja tu, tangu mwezi wa tano.

Bati lete. Nafasi ya kujenga sasa ni kubwa.

Mama yako