Nani Amesema Rift Valley Itagawanyika

Jumatatu, 9 Juni 1997

"Mwalimu wa jiografia anafundisha watoto ya kwamba Rift Valley itagawanyika." Maneno ya Weldon, mwenyekiti wetu wa wazazi, jana sokoni Kedowa baada ya kanisa. Nimeletewa na kila aliyepita, kila mmoja na chumvi yake.

Nimjibu hapa, maana karatasi haikatizi mtu maneno. Haitagawanyika, Weldon. Inagawanyika. Ilianza kabla babu yako hajapata ng'ombe wa kwanza, na haikuomba ruhusa ya kamati. Tena nilisema Bonde la Ufa – bonde, si mkoa. Serikali ilichukua jina la ufa ikaupa mkoa, sasa mtu anashtuka kusikia kuna ufa. Ni kama kumwita mtoto Kiprop, halafu kumkasirikia jirani anayesema alizaliwa mvua ikinyesha.

Jumanne, 10 Juni

Form Four. Nimeingia na stovu ya mafuta taa na sufuria ya maziwa. Yakichemka, utando unapasuka. Vipande vinasukumana, kingine kinapanda juu ya mwenzake. Hayo ndiyo mabamba ya dunia, na moto uko chini. Kiingereza cha kitabu walikuwa wamekikariri bila kuona kitu. Leo wameona.

Chepkosgei: kwa hivyo Madam, mlima ni pale utando umekunjamana? Ndiyo. Na volkano? Pale maziwa yamepenya. Ningemkumbatia.

Kipsang, mcheshi wa nyuma: "Na yakimwagika kwa stovu, hiyo ni nini?"

"Hiyo ni mama yako anakutafuta na mwiko."

Wakonyo, anayewashinda wote, hakucheka. Aliuliza kama ni kweli upande wa mashariki utaondoka. Nikasema ndiyo, unasonga, polepole kuliko kucha zinavyoota, na mwishowe bahari itaingia katikati. Akaandika, kichwa chini. Nikafurahia swali. Mjinga mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu mkuu, Kepher, kaniita ofisini. Mtu mwema, uti wa mgongo wa uji. Mwenyekiti anataka mada hiyo irukwe mpaka uchaguzi uishe. Nikamuuliza mtihani ni lini. Kabla ya uchaguzi, akasema, akiitazama kalenda kama imemsaliti. "Si uwafundishe tu mito, Madam? Mito haina siasa." Nikamwambia ajaribu kugawa maji ya mto hapa Kedowa ndio aone.

Weldon mwenyewe akaja wakati wa chai.

"Mwalimu, mimi si mjinga. Najua ni mawe. Lakini mwaka huu hata mawe yana kabila."

Sentensi nzuri. Nilimwonea wivu. Nikamjibu kwamba mawe yangu hayakuwa na kabila mpaka yeye alipoyapeleka sokoni. Akamaliza chai yangu, akaenda.

Wakonyo hakuja shule.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda dukani kwa babake, Njuguna, mhamiaji kutoka Nyeri, anayeuza misumari na mbegu za viazi. Rafu nusu tupu. Wakonyo anafunga magunia kwa sindano na kamba. Sikupewa kiti.

"Nyinyi walimu mnajua mambo mapema," Njuguna akasema. "Msichana ameniambia watu wa mashariki wataondoka."

"Upande, Baba Wakonyo. Upande wa mashariki. Nilisema ardhi."

"Tisini na mbili pia, uchaguzi ulipokaribia, walianza na ardhi."

 Nikaokota chaki ya kuandikia bei nikachora juu ya kaunta: ufa huu hapa, Kedowa hii hapa, magharibi yake. Wewe na Weldon mko bamba moja. Kinachokwenda zake ni Nyeri na Mombasa.

"Kwa hivyo hata nikirudi Nyeri nitaondoka tu?"

Wakonyo akacheka. Babake pia, kidogo. Kisha akaushika mdomo wa gunia, binti aendelee kushona.

"Wewe sikuogopi, Mwalimu. Mwenyekiti wenu ndiye aseme. Ile mara nyingine walipotuchomea nyumba, alikuwa jirani yangu na akanyamaza."

Lori linakuja kesho. Msichana atakwenda kwa shangazi, mtihani utajijua.

Jumamosi, 14 Juni

Naandikia chumba cha walimu, mlango wazi. Wazazi wamejaa uwanjani kwenye viti vya watoto. Mbele yao Weldon, koti jipya. Ajenda ni mimi. Nasikia wengine wakinong'ona nipelekwe Kimulot, nikawafundishe nyani wa msitu wa Mau. Wanafunzi wagumu kuliko nyani nimewahi kupata.

Lori la Njuguna limesimama langoni, injini inanguruma. Wakonyo yuko ndani, amevaa sare. Babake ameshuka, ameegemea ua. Hakai, haendi.

Kepher anakuja kuniita, anafuta jasho.

Mabamba sitayaeleza leo. Nitasema haya tu. Nihamisheni mkitaka, mada nimeshaimaliza. Lakini wewe Weldon, mgeukie Njuguna. Mtaje kwa jina. Mwambie hapa, mbele ya watu hawa, kwamba hakuna atakayemwondoa Kedowa, na akija wa kumwondoa atakukuta mlangoni pake. Na ninyi wazazi wa Form Four, msiinuke kwenye hivyo viti mpaka aseme. Aseme sasa, kabla dereva hajatia gia.